Mla Mbuzi Hulipa Ng'ombe: Historia Fupi ya Mlo wa Nyama Choma Jijini Nairobi

Ukimwambia mtu wa Nairobi mkutane Kariokor saa saba mchana siku ya Jumamosi, hatakuuliza mnakwenda kufanya nini huko. Atajua ni nyama, na atajua pia kwamba hatarudi nyumbani kabla ya jua kuanza kushuka. Ukimwambia mkutane Burma, mambo ni yale yale. Haya ni maeneo mawili ya mashariki mwa jiji ambayo wakazi huyataja kwanza pale wanapozungumzia mlo mrefu wa mchana wa nyama ya kuchoma.

Majina hayo yanastahili kutushangaza kidogo. Kariokor ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni neno lile lile lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam. Burma ni nchi ya Asia ambako maelfu ya askari wa Afrika Mashariki walipelekwa kupigana na Wajapani mwaka 1944. Imekuwaje basi sehemu mbili mashuhuri za watu kukaa na kula kwa utulivu zikabeba majina ya vita viwili vya dunia?

Jibu jepesi ni kwamba mitaa ya Waafrika ilikua pale ambapo serikali ya kikoloni iliwaweka Waafrika, na nyama huuzwa palipo na watu. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba mlo huu umejengwa juu ya ugomvi wa muda mrefu kuhusu mambo matatu: mnyama ni wa nani, nani anapanga bei yake, na nani ana haki ya kukaa mjini bila kuulizwa anafanya nini. Wazee wetu walisema mla mbuzi hulipa ng'ombe. Katika historia tutakayoipitia, mara nyingi aliyekula alikuwa mmoja na aliyelipa alikuwa mwingine.

Taratibu za mlo

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuketi mahali hapo, heri tuanze na taratibu. Mbele ya hoteli pana bucha. Nyama zimening'inizwa kwenye ndoano, na mteja haletewi orodha ya vyakula mezani. Huenda mwenyewe hadi dirishani, akaonyesha kwa kidole: mbavu hizo, au mguu ule wa mbuzi. Nyama hukatwa, hupimwa kwa kilo mbele ya macho yake, na bei hujulikana kabla moto haujaguswa. Kisha hupelekwa kwa mchomaji, ambaye huilaza juu ya wavu wa chuma, makaa yakiwa chini. Haitiwi viungo. Chumvi inatosha, na aliyezoea atakuambia kwamba nyama inayohitaji viungo vingi ina jambo inalolificha.

Hapo ndipo kungoja kunapoanza. Nyama huchukua karibu saa nzima kuiva, na mguu mzima wa mbuzi huchukua zaidi. Watu hunywa supu ya mifupa kwenye vikombe, wengine huagiza kipande cha mutura, yaani utumbo uliojazwa nyama na damu kisha ukachomwa. Mhudumu hupita na birika la maji ya vuguvugu ili watu wanawe. Nyama ikiiva huletwa juu ya kibao, na mkataji huikata vipande vidogo mbele ya wote, akaacha kichungu cha chumvi pembeni. Ugali huja, kachumbari huja, pilipili huja. Mara nyingi hakuna anayepewa sahani yake. Kila aliyeketi hula kwa mkono kutoka kibao kimoja.

Mwanahistoria anayeangalia mlo huu ataona vitu vitatu vya kuuliza: kibao, mizani na kungoja. Kibao kinatupeleka nyuma kabla ya mji kuwapo. Mizani inatupeleka kwenye biashara ya ng'ombe wakati wa ukoloni. Kungoja kunatupeleka kwenye swali la nani alikuwa na ruhusa ya kupoteza saa mbili mjini Nairobi.

Kibao: nyama kabla ya mji

Katika jamii nyingi za bara la Kenya, nyama haikuwa chakula cha kila siku. Mifugo ilikuwa mali, akiba na lugha ya undugu. Ilitolewa kama mahari, ikalipwa kama fidia, ikachinjwa kwenye sherehe. Kuchinja mbuzi kulikuwa na sababu, na sababu hiyo ilileta watu pamoja. Kila sehemu ya mnyama ilikuwa na mwenyewe: za wazee, za wanawake, za vijana, za wageni. Kugawa nyama kulikuwa ni kutangaza hadharani nani ni nani katika ukoo.

Wamaasai walikuwa na olpul, kambi ya nyama porini ambako wapiganaji walikaa siku kadhaa wakichinja, wakichoma na kunywa supu iliyochemshwa na mizizi na magome ya miti, ili wapate nguvu. Kwa Wakikuyu, wanaume walichoma nyama kando ya nyumba za wanawake na kuila kwa mazungumzo marefu. Tofauti za desturi ni nyingi, lakini mambo mawili yanafanana: nyama ya kuchoma iliandamana na mkusanyiko, na mara nyingi mkusanyiko huo ulikuwa wa wanaume. Kibao cha Kariokor kimerithi mambo yote mawili.

Hatupaswi hata hivyo kuichora picha ya zamani tulivu isiyobadilika. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka iliua sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki. Ikafuatwa na ndui na njaa. Wamaasai wanaukumbuka wakati huo kwa jina la Emutai, maana yake kumalizika. Reli kutoka Mombasa ilipofika mwaka 1899 mahali palipoitwa Enkare Nyirobi, maji baridi, ilikuta wafugaji waliokuwa bado wanajikusanya upya. Mikataba ya 1904 na 1911 ikawaondoa Wamaasai katika malisho yao bora ili walowezi wapewe. Mji ambao leo unajivunia nyama yake ulizaliwa katikati ya nchi ya wafugaji waliokuwa wamepoteza ng'ombe wao kwanza, na ardhi yao baadaye.

Kariokor: wanaume waliokufa kwa chakula kibaya

Vita vilipoanza mwaka 1914, mapigano ya Afrika Mashariki yalifanyika katika nchi isiyo na barabara, na mbung'o waliua farasi na nyumbu. Mizigo ikabebwa na watu. Waingereza waliandikisha mamia ya maelfu ya wapagazi kutoka maeneo yao ya Afrika Mashariki na Kati, wengi kwa nguvu. Msimamizi wa kazi hiyo upande wa Kenya alikuwa Oscar Watkins. Kambi ya wapagazi Nairobi ndiyo iliyoacha jina la Kariokor.

Kwa hesabu rasmi, zaidi ya wapagazi 40,000 walikufa, na watafiti waliofuata, miongoni mwao Geoffrey Hodges, wameonyesha kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na malaria, homa ya mapafu na hasa kuhara damu. Chakula kilichangia sana vifo hivyo. Watu waliozoea kula mtama, maziwa au ndizi walipewa unga wa mahindi, mara nyingi mchache na usioiva vizuri kwa kukosa vyungu, kuni au muda wa kupika. Tumbo liliharibika, na mtu aliyebeba mzigo mzito kwa siku nyingi hakuwa na nguvu za kupona. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao. Fedha hizo ambazo hazikudaiwa zilizua mabishano ya miaka mingi kati ya Nairobi na London, na watu wa nyumbani kwao hawakuzipata.

Katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue yapo masanamu ya kumbukumbu ya vita hivyo, mojawapo likiwa la mpagazi. Maandishi yake yapo katika Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanaahidi kwamba watoto wa waliokufa watayakumbuka majina yao. Tukiwa wanafunzi wa Kiswahili tuna haki ya kuuliza ahadi hiyo imetimizwaje, maana majina ya wapagazi hayo hayakuandikwa pale. Kilichobaki ni jina la kikosi, nalo limebaki kwa sababu watu wa kawaida walilitamka kwa ulimi wao hadi likawa jina la mtaa, la soko, na hatimaye la mahali pa kula. Mtu anayesema leo "tukutane Kariokor" anakitaja kikosi cha watu walioangamizwa na chakula kibaya, ingawa kilichomo akilini mwake ni chakula kizuri.

Mizani: ng'ombe wa Ukambani, 1938

Baada ya vita, Kariokor ikawa mojawapo ya mitaa ya Waafrika. Miaka ishirini baadaye, ilishuhudia tukio linalohusu nyama moja kwa moja.

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilidai kwamba udongo wa Ukambani unamomonyoka kwa sababu Wakamba wana ng'ombe wengi mno. Mmomonyoko ulikuwapo kweli. Lakini Wakamba walikuwa wamebanwa katika eneo dogo baada ya malisho yao kugeuzwa kuwa mashamba ya walowezi na ardhi ya serikali, na hilo halikutiwa katika hesabu. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kupunguza mifugo kwa lazima. Wakati huo huo kampuni ya Liebig, iliyopata umaarufu kwa kutengeneza rojo la nyama ya ng'ombe huko Amerika ya Kusini, ilijenga kiwanda Athi River, karibu na Nairobi. Kiwanda kilihitaji ng'ombe wengi wa bei ya chini. Mahitaji ya kiwanda na siasa ya udongo vikakutana, na ng'ombe wa Machakos wakaanza kupelekwa mnadani kwa amri, kwa bei ambayo mwenye ng'ombe hakuwa na sauti juu yake.

Kiongozi wa upinzani alikuwa Samuel Muindi Mbingu, pamoja na chama cha Ukamba Members Association. Mwezi wa Julai 1938, maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, waliandamana hadi Nairobi kumtaka Gavana Robert Brooke-Popham awarudishie ng'ombe wao. Walipiga kambi. Mahali walipopiga kambi palikuwa Kariokor.

Walikaa hapo kwa wiki kadhaa. Gavana alikataa kuwasikiliza Nairobi na kuwataka warudi kwao, ambako alikwenda kuzungumza nao baadaye. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, serikali iliachana na uuzaji wa lazima. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi wa kikoloni, na serikali iliogopa kuwapoteza watu hao wakati vita vingine vilikuwa vinanukia Ulaya.

Nakuomba msomaji utulie hapa kidogo. Watu walikaa Kariokor wiki baada ya wiki, na kukaa kwenyewe ndiko kulikokuwa silaha yao. Hawakuja kula nyama. Walikuja kuzuia nyama yao isiliwe na wengine kwa bei ya wengine. Leo mtaa wa Muindi Mbingu upo katikati ya jiji la Nairobi, na soko kuu la jiji, ambalo lina mabucha tangu enzi za ukoloni, linapakana na mtaa huo huo. Kila siku nyama inapimwa kwa kilo hatua chache kutoka kwenye kibao chenye jina la mtu aliyefukuzwa kwa kuuliza nani anapanga bei.

Burma: askari wanarudi

Vita vya Pili vilirudisha kwa njia nyingine mambo ambayo Wakamba waliyakataa. Jeshi lilihitaji kulishwa, na serikali ikaanzisha udhibiti wa mifugo na kununua ng'ombe kutoka maeneo ya Waafrika kwa bei iliyopangwa na serikali yenyewe. Safari hii sababu haikuwa udongo, ilikuwa vita.

Vijana wa Afrika Mashariki nao wakapelekwa mbali. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944, ikashuka kupitia Bonde la Kabaw katika mvua za masika ya huko, katikati ya matope na malaria, hadi mto Chindwin. Lugha iliyowaunganisha Wakamba, Waluo, Wanyamwezi, Wanyasa na wengine ilikuwa Kiswahili cha jeshi, kile ambacho wataalamu wa lugha hukiita KiKAR kwa jina la King's African Rifles. Kilidharauliwa na watu wa Pwani kwa kuvunja upatanisho wa kisarufi, lakini kilifanya kazi yake.

Hapa wapenzi wa lugha wana jambo la kutafakari. Istilahi "nyama choma" yenyewe haifuati sarufi tuliyofundishwa. Tungetarajia "nyama ya kuchoma" au "nyama iliyochomwa". Kuweka shina la kitenzi moja kwa moja baada ya nomino ni mtindo wa Kiswahili cha bara, cha kambi, cha soko na cha reli, ambako watu wa lugha nyingi walihitaji maneno mafupi yanayoeleweka haraka. Sidai kwamba istilahi hii ilizaliwa jeshini. Ninachosema ni kwamba ina sura ya Kiswahili kile, na ndiyo maana Pwani, ambako nyama ya makaa iliitwa mishikaki na kutiwa viungo, "nyama choma" inasikika kama mgeni kutoka bara. Wenzetu wenye asili ya Oman watatambua mishikaki mara moja katika mishkak ya kando ya barabara za Muscat. Njia hizi mbili za kuchoma nyama zina historia mbili, moja ikitazama bahari na nyingine ikitazama malisho.

Askari waliporudi walikuwa wameona mengi. Walikuwa wamekula mgao wenye nyama, wamelipwa fedha taslimu, wamewaona Wazungu wakiogopa na wakifa. Nyumbani walikuta ardhi ni ile ile ya kubanwa na kazi ni ile ile ya kibarua. Baadhi, kama Waruhiu Itote aliyekuja kujulikana kama Jenerali China, walitumia ujuzi wa vita vya msituni walioupata Burma katika mapambano ya Mau Mau. Wengi zaidi walitafuta maisha mjini. Jina la nchi waliyopigania likabaki karibu na uwanja wa michezo wa City, pale ambapo mabucha na majiko ya makaa ya Burma yapo hadi sasa.

Mwaka 1950 serikali iliunda Kenya Meat Commission, ikachukua kiwanda cha Athi River. Tume hiyo iliwekwa kwanza kwa manufaa ya walowezi wenye ranchi kubwa. Ilipewa nguvu nyingi katika soko la nyama, na ng'ombe wa Waafrika mara kwa mara walizuiwa na karantini za mifugo ambazo zilikinga magonjwa, lakini pia zilikinga bei za walowezi. Mfugaji wa Kajiado angeweza kuona taa za Nairobi usiku na asiruhusiwe kupeleka ng'ombe wake huko mchana.

Kungoja: haki ya kukaa mjini

Sasa turudi kwenye saa ile ya kungoja nyama iive.

Nairobi ya kikoloni haikumtaka Mwafrika akae. Ilimtaka afanye kazi kisha aondoke. Baada ya Vita vya Kwanza, wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kubeba kipande, karatasi ndani ya kikopo cha chuma kilichovaliwa shingoni, chenye rekodi ya mwajiri na mshahara. Asiye na kazi angeweza kukamatwa kama mzururaji na kurudishwa kwao. Nyumba zilijengwa kama vitanda vya vibarua, bila nafasi ya familia. Hata starehe ilisimamiwa: Pumwani, halmashauri ya mji ilihodhi uuzaji wa pombe kwa Waafrika kupitia kilabu chake na kutumia faida yake kugharimia huduma za mitaa yao. Kisha ikaja hali ya hatari, na tarehe 24 Aprili 1954 operesheni ya Anvil ilianza: majeshi yaliuzingira mji, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakachukuliwa kutoka mitaa hii hii ya mashariki na kupelekwa vizuizini. Kukaa kundi la wanaume mahali pamoja, mchana, bila shughuli inayoonekana, kulikuwa jambo la kutiliwa shaka.

Kwa hiyo, baada ya uhuru wa mwaka 1963, mlo mrefu wa mchana ulikuwa na maana iliyozidi shibe. Karani, dereva, mwalimu na fundi waliweza kwenda mahali, wakachagua nyama kwa kidole chao wenyewe, wakaona mizani ikipima, wakaketi saa mbili au tatu, na polisi wasiwaulize vipande. Wageni wakitazama hudhani kwamba huduma ni ya polepole. Aliyeijua Nairobi ya kabla ya 1963 angeona kitu kingine: watu wanaotumia muda wao kana kwamba ni wao, na ni wao kweli.

Uhuru huo haukuwafikia wote kwa wakati mmoja. Kwa miaka mingi mwanamke aliyeketi mahali pa nyama choma bila mumewe au kaka yake alitazamwa vibaya. Ule urithi wa nyama ya wanaume porini uliingia mjini ukavaa suti. Wanawake walikuwapo tangu mwanzo, lakini upande wa nyuma: wakisonga ugali, wakikata kachumbari, wakiosha vyombo. Kwamba leo utakuta meza ya wanawake watupu wakiagiza mguu wa mbuzi siku ya malipo ya chama chao, au familia nzima baada ya ibada ya Jumapili, ni badiliko la kizazi kimoja au viwili tu, na halijakamilika kila mahali.

Dini nazo zilipatana mezani kwa namna ambayo haizungumzwi sana. Biashara ya mifugo kutoka kaskazini ilijengwa kwa sehemu kubwa na Wasomali na Waborana, na hadi leo soko la mbuzi la Kiamaiko liko mikononi mwa watu wa kaskazini. Katika vichinjio vingi mchinjaji ni Mwislamu, hata pale ambapo walaji wengi ni Wakristo, ili mtu yeyote aweze kula. Hakuna aliyepitisha azimio la umoja wa kitaifa juu ya jambo hilo. Wachuuzi walitambua kwamba nyama inayoliwa na wote huuzika kwa wote.

Kuanzia miaka ya 1980 mlo huu ulianza kuuzwa kama utambulisho wa nchi. Mkahawa wa Carnivore ulifunguliwa mwaka 1980 kwa ajili ya watalii na wenye uwezo, ukichoma hata nyama za porini hadi uuzaji wake ulipopigwa marufuku mwaka 2004. Wasafiri wa barabara ya Nakuru wakaizoea Kikopey, karibu na Gilgil, kama kituo cha mbuzi. Sisi tulio ng'ambo tukaupeleka mlo huu kwenye bustani za miji ya wenyeji wetu, ambako kila kiangazi mtu mmoja husimama juu ya makaa akisisitiza kwamba nyama haijaiva bado, na watu hungoja bila kulalamika.

Nani analipa?

Mahali pa kumalizia historia hii ni malishoni, alikotoka mnyama.

Kiwanda cha Athi River kilididimia, kikafunga milango miaka ya 1990 na kufunguliwa tena 2006. Nyama nyingi ya Nairobi sasa inapitia vichinjio kama vya Dagoretti na mikono mingi ya madalali. Karantini ya kikoloni imekwisha, lakini ukame unafanya kazi inayofanana nayo. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, zaidi ya mifugo milioni mbili ilikufa katika maeneo kame ya Kenya. Mfugaji wa Marsabit au Kajiado anapoona malisho yanakauka hulazimika kuuza haraka, mnyama akiwa amekonda, kwa bei anayotajiwa na mnunuzi. Mjini bei ya kilo haishuki kwa kiasi hicho. Hakuna gavana aliyeamuru mnada huu, ila aliyesimama mnadani hana sauti zaidi ya wale wa Machakos mwaka 1938.

Simwambii mtu aache nyama. Ningependa tu tunapoketi mbele ya kibao tujue tumekalia wapi. Wapo bado wazee waliomsikia babu yao akisimulia Burma, au bibi yao akisimulia safari ya miguu kutoka Machakos hadi Kariokor. Masimulizi hayo mengi yapo katika Kiswahili au katika lugha za nyumbani, na hayajaandikwa. Chama chetu kina wanachama kutoka karibu kila mkoa niliotaja. Likizo ijayo, kila mmoja akirudi na dakika thelathini za sauti ya mzee wake, pamoja na jina kamili la mpagazi, askari au mwenye ng'ombe anayetajwa humo, tutakuwa tumeyaandika baadhi ya majina ambayo maandishi ya Kenyatta Avenue yaliahidi kwamba yatakumbukwa.

Na swali la kumuuliza mzee ni jepesi. Muulize: ng'ombe wenu walikwenda wapi?